Feni Iliyonyamaza

Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati ambao Mkomani yote, mtaa wetu wa Lamu, imejilaza na hata punda wamejibanza ukutani kutafuta kivuli. Kompyuta ilikuwa chumbani ikitoa video ya harusi, faili ndefu, na mimi niko jikoni nakatakata nyanya. Mama alikuwa amejinyoosha chumba cha pili. Nilidhani amelala.

"Mashine yako yalia," akasema.

Nikamjibu ni feni tu.

"Najua ni feni. Lakini yalia."

Nikanawa mikono, nikaenda kusikiliza. Siku zote feni ile ina mvumo wake mmoja ambao ukishauzoea huusikii tena. Sasa ndani ya mvumo kulikuwa na mkwaruzo: krrr, ukatulia, krrr, ukatulia. Nikaligonga kasha kwa kiganja. Ukaacha. Nilipofika mlangoni ukaanza upya.

Wiki kadhaa zimepita na jambo hili halijanitoka kichwani, hata baada ya mkwaruzo wenyewe kwisha.

Hasa baada ya mkwaruzo kwisha.

Kwa nini haikwenda kwa fundi

Mafundi tunao. Mtaa wa Langoni kuna vijana wanaofungua simu na kompyuta kwa ustadi, na wengine nimesoma nao chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Siwatilii shaka hata kidogo. Lakini wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu ni kuhariri video za harusi za wanawake. Siku ya kupamba simu zote huachwa mlangoni. Anayeshika kamera ni mwanamke, kadi ya kamera nakabidhiwa mkono kwa mkono, na kompyuta inayofungua picha hizo haijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii tangu ilipoingia.

Utaniambia: si utoe diski, upeleke kasha tupu?

Naijua hiyo. Diski inatoka kwa skrubu nne. Kinachonishinda ni barabara. Kasha litapakiwa kwenye mkokoteni, litapita Usita wa Mui wote, ile njia kuu ya mji, mbele ya maduka, na kabla ya magharibi mama wa bibi harusi atakuwa amesikia kwamba kompyuta ya yule wa harusi imeonekana kwa fundi imefunguliwa tumbo. Hatauliza kama diski ilikuwemo. Na mimi kama ningekuwa yeye nisingeuliza. Ningeumia tu, na harusi ya binti yangu wa pili ningempelekea mtu mwingine.

Kwa hiyo haikutoka.

Chokaa, chumvi na udi

Nilizima, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha nikalaza kasha kwenye mkeka. Sehemu moja sikuigusa, nayo ni pawa saplai, kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Umeme wetu wa ukutani ni volti 240, na ukishageuzwa ndani ya kisanduku kile unapanda kupita volti 300, halafu kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kuushikilia hata waya umeshachomolewa. Mwenye kujifunza ufundi asianzie hapo.

Feni yenyewe niliyokuwa nikiitafuta ni ile inayokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, imefungwa kwenye hitisinki, kile kipande cha alumini kinachonyonya joto lake. Niliitarajia vumbi. Sikuwa nimetarajia vumbi la namna tatu.

La kwanza lilikuwa chokaa. Anayekaa nyumba ya mawe ya matumbawe anajua ukuta wetu haukauki kabisa: chumvi inapanda ndani ya jiwe, plasta inavimba, kisha inamwagika unga mweupe usioisha kufagiliwa. La pili lilikuwa udi. Mapanga ya feni yalikuwa na utando wa kahawia, unanata, na nilipousugua kwa pamba na spiriti chumba kikanukia Alhamisi jioni. La tatu, ambalo halionekani, ni chumvi ya baharini. Dirisha la chumba kile linatazama maji, na meza niliiweka pale kwa sababu ndipo upepo unapoingia.

Kuhusu chumvi, jikoni tunaijua tabia yake, ndiyo maana kikopo chake tunakitia punje za mchele. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi inavuta maji hewani na kuanza kuyeyuka yenyewe. Hewa ya kisiwani inapita kiwango hicho mara nyingi. Basi vumbi lililotulia ndani ya kompyuta ya Lamu halikai kavu kama vumbi la bara. Linakuwa rojo jembamba la chumvi, juu ya chuma, karibu na umeme, mahali penye joto. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeanza kutu, na kompyuta haijawahi kuonja tone la maji.

Nilisafisha kwa brashi ya rangi ya sentimita mbili, brashi mpya, huku nimeyashika mapanga kwa kidole. Kiache kidole hicho hapo hata ukitumia pampu ya hewa, maana hewa ya nguvu inaweza kuizungusha feni kuliko ilivyotengenezwa kuzunguka. Kati ya feni na hitisinki nilinyanyua kipande cha vumbi kilichoshikana, kikatoka kizima. Nikakiweka kwenye karatasi nimwonyeshe Mama.

"Kitupe," akasema. "Wageni waja."

Joto la prosesa likashuka vizuri. Mkwaruzo ukabaki palepale.

Tone moja

Feni ndogo hizi ni za volti 12. Mota yake haina brashi za kaboni: sumaku iko kwenye kitovu kinachozunguka, koili ziko katikati, na sensa ndogo inasoma sumaku imefika wapi ili umeme ubadilishane kwa wakati wake. Kwa hiyo hakuna kinachosuguana isipokuwa mahali pamoja tu, shafti, ile fimbo ya katikati, na tundu inamozunguka. Katika feni za bei nafuu tundu hilo ni bushi ya shaba iliyosindikwa kutokana na unga wa metali, yenye vinyweleo vilivyonyonya mafuta kiwandani. Joto likiyakausha mafuta hayo, au vumbi likiyageuza ugoro, bushi inaanza kulia.

Nilibandua stika ya nyuma ya feni. Chini yake kuna kizibo kidogo cha mpira. Kukitoa kunahitaji pini na subira, na kwa upande wangu pini ya ushungi ilitosha.

Mafuta niliyafuata kwa shangazi yangu, ambaye cherehani yake imeshashona kanzu za nusu ya mtaa. Kuna wanaotia mafuta ya nazi. Yananukia vizuri, yapo kila nyumba, na baada ya muda yanaoza na kunata, kwa hiyo feni utakuwa umeitia gundi. Wengine wanapuliza yale mafuta ya mkebe ya kulegezea nati zilizoshika. Hayo ni mepesi mno. Yanaosha hata mafuta yaliyobaki, kisha yenyewe yanapeperuka. Mafuta ya cherehani ni mepesi kiasi, safi, na yanakaa.

"Tone moja," shangazi akaniambia akinipa kichupa. "La pili ni la kuchafua."

Nilitia tone moja, nikaizungusha feni kwa kidole ili yaingie, nikarudisha kizibo, nikabandika stika kwa gundi mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa imeshaingia mafuta. Nikawasha.

Hakuna kitu. Nilidhani haijawaka mpaka nilipoona mapanga yanazunguka.

Mama akatokea mlangoni. "Imekufa?"

Kimya

Ilistahili kunifurahisha, na siku ya kwanza ilinifurahisha. Nikawaambia watu wawili watatu. Usiku nikaacha video ijitoe, nikalala.

Halafu nikaamka kwenda kuitazama.

Kesho yake vilevile. Niko jikoni, nafuta mikono kwenye leso, naenda chumbani, naweka kidole kando ya feni nione kama kuna upepo. Naporudi jikoni najicheka. Baadaye naenda tena. Wakati ule ikikwaruza sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja, kwa sababu sikuwa na haja. Nilikuwa nasikia. Sauti ikipanda najua inafanya kazi nzito, ikishuka najua faili inakaribia kwisha. Mama naye alikuwa akiitumia: akisikia mvumo anajua nipo kazini, haniiti mpaka chakula kiive. Sasa alikuwa hana hakika kama nipo.

Na kuna jambo baya zaidi. Prosesa za siku hizi feni ikisimama haziungui. Zinajilinda. Joto likikaribia nyuzi 100, nyingi hujipunguzia kasi zenyewe, na zikizidiwa kabisa huzima mashine. Ni ulinzi mzuri, lakini hausemi neno. Wewe utaona video ya jana ilitoka kabla ya alasiri na ya leo imefika magharibi haijatoka. Utailaumu programu, utalaumu faili kubwa, utalaumu kaskazi. Miezi ya kaskazi kweli ina lawama yake, maana feni haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu kwenda kwenye hewa ya chumba, na kila nyuzi chumba kinapopanda, prosesa nayo inapanda takriban hiyohiyo.

Kwa hiyo nilikuwa na feni kimya juu ya prosesa kimya, na mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kulisahau kama kazi yangu ingekuwa nyingine. Mimi nalipwa kwa kunyamaza. Katika kanda za harusi naona mengi: bibi harusi analia chooni dakika chache kabla ya kukalishwa kitini, mama mkwe na shangazi wanasemeshana kwa meno, mtoto anaanguka na sinia la halua. Nayakata yote. Familia zinanishukuru kwa kile nilichokitoa kuliko nilichokiacha, na sioni ubaya wake. Ile kanda itatazamwa kwa miaka, na nani anataka kumwona shangazi na yale meno kila sikukuu?

Lakini mimi niliyekata najua kilio kilichokatwa na kilio kilichokwisha si kimoja. Watazamaji hawana njia ya kuvitofautisha. Mhariri anayo, faili la asili liko mkononi mwake.

Kwenye feni sikuwa na faili la asili.

Waya wa tatu

Au ndivyo nilivyodhani. Feni ya kompyuta inapokuwa na waya mbili, inapokea umeme tu. Yangu ina waya nne. Wa nne unaiamuru kasi. Wa tatu ndio unaorudisha habari: kila feni inapozunguka mara moja, waya huo unatuma mapigo mawili kwenye madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vyote, na madabodi inahesabu. Kumbe muda wote ule kulikuwa na aliyekuwa akisikiliza kuliko mimi na Mama.

Niliingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa kabla mashine haijaamka, nikatafuta penye habari za feni. Kasi ilikuwepo, na ilikuwa ikiyumba: inapanda, inashuka mpaka sifuri, inaruka tena. Feni iliyokuwa haitoi sauti yoyote ilikuwa ikikwama na kusukumwa, ikikwama na kusukumwa.

Madabodi ilikuwa ikiona hayo. Mbona haikulia? Kompyuta nyingi feni ya prosesa ikishuka chini ya kiwango fulani hukataa kuendelea kuwaka, zinaandika onyo kwenye skrini na kungoja ubonyeze kitufe.

Nikashuka mistari miwili. Kiwango cha onyo la feni kilikuwa kimewekwa: ipuuzwe.

Si mimi. Sijawahi kufika ukurasa ule. Kompyuta niliinunua mtumba, na mtu mmoja kati ya wote walioimiliki kabla yangu aliona onyo lile, likamchosha, akalizima. Pengine feni ilikuwa imeanza kuchoka wakati huohuo. Pengine ilikuwa nzima, na onyo lilikuwa la uongo kwa sababu alifunga feni ya polepole. Sikumchukia. Nilikaa kwenye kiti nikitazama neno lile, nikawaza kwamba yeye alizima onyo, mimi nikazima mkwaruzo, na kati yetu wawili tumeifanya mashine hii isiwe na namna yoyote ya kusema.

Nikaweka onyo mizunguko 600 kwa dakika. Nilipowasha upya likatokea papo hapo.

Doa jeusi

Nilirudi kwa shangazi, safari hii si kwa mafuta. Nikamweleza. Hajui kompyuta na hataki kujua, lakini aliacha kushona, jambo ambalo si la kila siku.

"Ulipotia mafuta, yalitoka rangi gani?"

Sikuangalia.

"Mimi cherehani nikishaitia mafuta, kwanza naishonesha kitambaa kibovu. Mafuta yakitoka manjano, ni uchafu. Yakitoka meusi ya kung'aa, chuma chala chuma. Hapo mafuta hayakusaidii, yanakuliwaza."

Nikarudi nyumbani nikaifungua feni mpaka mwisho. Chini ya kizibo cha mpira kuna pete ndogo ya plastiki iliyokatwa upande mmoja, na hiyo ndiyo inayozuia shafti isichomoke. Ukiipanua kwa ncha mbili kali inatoka, au inaruka chini ya kitanda. Kisha mapanga yanachomoka yote pamoja na shafti yake.

Niliifuta shafti kwa kitambaa cheupe. Doa lilikuwa jeusi, linang'aa.

Kwenye chuma chenyewe kulikuwa na mfuo unaoonekana kwa jicho na unaokamata ukucha. Karibu na mfuo kulikuwa na alama za kutu, na hapo nikakumbuka dirisha langu. Nilipoirudisha shafti ndani ya bushi ilichezacheza kila upande. Tundu lilikuwa limepanuka. Mafuta yalijaza nafasi ile kwa muda, yakaufisha mlio, na ndani shafti ikaendelea kugonga polepole. Bushi kama hiyo hakuna mtu anayeitengeneza kwa mkono, hata angekuwa fundi wa fedha.

Hata hivyo mafuta siyajutii. Yaliiweka mashine hai mpaka harusi mbili zikakabidhiwa. Ninachokataa ni kuyaita matengenezo.

Gololi

Kununua feni kumenifundisha kwamba watu hupima mapanga, na wauzaji hupima fremu. Fremu ya milimita 92 ina umbali wa milimita 82.5 kati ya tundu na tundu za skrubu. Ya milimita 80 ina 71.5. Pima tundu hizo, utajua unayo ipi. Niliagiza Mombasa, ikaja kwa basi hadi Mokowe na kutoka pale kwa boti, imefungwa ndani ya mfuko wa mandazi ili isilowe. Alikuwa na akili aliyefanya hivyo.

Nilichagua yenye beringi mbili za gololi badala ya bushi. Muuzaji alinionya kwenye simu: "Hiyo ina kelele kidogo, mama. Kuna nyingine kimya kabisa, bei hiyohiyo." Nikamwambia anitumie ya kelele. Akanyamaza kidogo, nadhani alifikiri sikumsikia vizuri. Gololi zinavumilia joto zaidi, na zikianza kuharibika zinapiga kelele muda mrefu kabla ya kufa. Kwa mtu anayefanya kazi akiwa chumba kingine, hiyo ni sifa.

Meza nayo nimeihamisha. Imetoka dirishani, imekuja upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani, ambako hewa inapita lakini bahari haiingii moja kwa moja. Nimeliacha kasha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na udi sasa unafukizwa chumba cha wageni peke yake, jambo lililoleta mazungumzo marefu ambayo sitayaweka hapa.

Feni mpya ina mvumo mkubwa kuliko wa kwanza. Mama alisikiliza siku nzima, kisha akatoa hukumu: "Hii yasema sana." Siku iliyofuata akanihudumia chai chumbani bila kuniita, kwa sababu alisikia nipo.

Habari za kisiwani hazikawii. Binti wa jirani, naye anahariri kwenye laptopu yake, alinitumia ujumbe akiomba kichupa cha mafuta ya cherehani: feni yake inapiga tik-tik-tik na ana kanda ya kupamba ya Ijumaa. Nikamwambia asitie kitu, ailete kama ilivyo. Alikuja baada ya isha, laptopu iko chini ya buibui, ameikumbatia kama mtu aliyeficha mtoto.

Tulifungua mfuniko wa chini pamoja. Feni haikuwa na ugonjwa wowote, shafti imara, mafuta yapo. Kati ya panga na fremu palikuwa na puleki moja ya dhahabu, imekwama kwa ubavu. Nikaitoa kwa kibanio. Yeye anasema ni ya gauni la dada wa bibi harusi wa mwezi uliopita. Mimi nimeihariri ile kanda yote, na gauni lile lilikuwa na puleki za fedha.

Bado tunabishana.